Kadi ya sauti kwa studio ya nyumbani: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa Tsoka

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, studio ya muziki mara nyingi ni chumba kimoja chenye kompyuta mpakato, maikrofoni moja na blanketi lililotundikwa ukutani. Kinachoamua iwapo wimbo unaotoka humo utasikika kama kazi ya studio au kama ujumbe wa sauti wa simu ni kifaa kidogo, aghalabu kisichozidi ukubwa wa kitabu: kadi ya sauti ya nje, ambayo maprodyuza wengi huiita saundi kadi.

Kwa kawaida anayekihitaji kifaa hicho hulazimika kwenda Lilongwe, umbali wa kilomita zipatazo 45, kutafuta katika maduka ya mjini au katika soko la Tsoka, ama kumtegemea ndugu aliye ng'ambo. Kwa Kichewa, neno tsoka lina maana ya nuksi au bahati mbaya. Mnunuzi asiyejua anachokitafuta anaweza kurudi nyumbani na vyote viwili, kifaa pamoja na jina la soko.

Makala haya yanaeleza kazi ya kadi ya sauti, sifa ambazo hazina budi kuwepo, zile zinazoweza kupuuzwa, na namna ya kuijaribu kabla fedha hazijabadili mikono. Yanawahusu pia wasomaji walio mbali na Malawi ambao hupokea ujumbe wa mdogo wao au mpwa wao akiomba "saundi kadi" bila maelezo zaidi.

Kwa nini kosa dogo ni ghali

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza katika enzi ya Rais Hastings Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuwahifadhi watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho lugha inayowakutanisha sokoni, kanisani na studioni.

Muziki haukuja kambini humo kama anasa. Tangu mwaka 2014, Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani Menes La Plume ambaye naye alikuwa mkimbizi Dzaleka, limekuwa likiwaleta kambini wasanii na watazamaji kutoka sehemu nyingine za Malawi na nje ya nchi. Hata hivyo tamasha ni la siku chache. Kwa muda uliobaki wa mwaka, msanii husikika kwa njia ya faili inayozunguka kutoka simu hadi simu, au inayopelekwa redioni. Faili yenye mvumo na mikwaruzo haichezwi mara ya pili, hata kama mashairi yake ni mazuri.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa imeweka masharti yake yenyewe, likiwemo lile linalohusu uhuru wa kwenda popote. Sera ya nchi inawataka wakimbizi waishi kambini, na anayetoka anapaswa kuwa na kibali. Mwezi Mei 2023, serikali ilianza kuwaondoa kwa nguvu mijini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara huko, na kuwarudisha Dzaleka. Kwa hiyo safari ya Lilongwe si jambo la kurudiwa kila wiki. Kifaa kisichofaa maana yake ni kibali kingine, nauli nyingine, na muuzaji ambaye huenda asikumbuke sura ya mteja wake.

Thamani ya kwacha nayo haijasaidia. Benki Kuu ya Malawi iliishusha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Bidhaa za elektroniki hutoka nje na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Bei iliyotajwa na rafiki mwaka juzi haina maana tena, na ndiyo sababu bei zitakazotajwa hapa chini ni za dola za Marekani, tena za kukadiria tu.

Kifaa hiki hufanya nini

Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno. Maikrofoni ya mwimbaji inayotumika jukwaani, ile inayoitwa dainamiki, hutoa milivolti chache tu. Ili sauti hiyo irekodiwe vizuri, yapasa ikuzwe hata mara 1,000, kisha igeuzwe kuwa namba ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Kazi hizo mbili, kukuza na kugeuza, ndizo hufanywa na kadi ya sauti. Kisha hufanya kazi ya tatu kwa upande wa pili: hugeuza namba ziwe sauti tena, ili mwimbaji na prodyuza wasikie kwenye hedifoni au spika.

Kompyuta mpakato nayo ina kadi ya sauti ndani yake, pamoja na tundu dogo la milimita 3.5. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu za intaneti. Kikuza sauti chake ni dhaifu, na kwa kuwa kimekaa karibu na feni, diski na saketi nyingine, kelele zao huingia kwenye sauti. Ndiyo asili ya ule mchakato kama wa mvua ya mbali unaosikika chini ya nyimbo nyingi zilizorekodiwa nyumbani.

Kwa mazingira ya Dzaleka, kadi inayofaa si ile yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi. Ni ile inayowaka kwa umeme wa kompyuta peke yake, inayotambuliwa na kompyuta ambayo tayari ipo, na yenye tundu halisi la maikrofoni. Mengine ni ya ziada.

Mtego wa V8

Anayeuliza saundi kadi katika masoko mengi ya Afrika huonyeshwa kwanza kifaa cheusi chenye vitufe vingi vya kuwaka, kinachoitwa V8. Kinavutia macho. Kina betri yake, kina sauti za makofi na vicheko, kinaweza kumgeuza mwanamume awe na sauti ya mtoto, na bei yake ni ndogo. Mara nyingi huuzwa kwa seti moja na maikrofoni ya BM-800, mkono wa chuma wa kuishikilia na kitambaa cha kuzuia pumzi.

V8 si kifaa kibaya kwa kazi iliyokusudiwa, yaani matangazo ya moja kwa moja kwenye simu. Tatizo ni kuitumia kurekodi wimbo. Matoleo yake mengi hayana tundu la XLR, lile la duara lenye pini 3, wala hayatoi umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maikrofoni za kondensa. Vikuza sauti vyake vina kelele. Na baya zaidi, mwangwi au athari nyingine inayoongezwa na V8 huingia pamoja na sauti ndani ya faili, na haiwezi kuondolewa baadaye. Prodyuza anayejua kazi yake hurekodi sauti kavu, kisha huongeza mwangwi katika programu, ambako anaweza kuupunguza akibadili mawazo.

Aliyekwisha kununua seti hiyo hajapoteza kila kitu. Maikrofoni nyingi za BM-800 zina pini 3 za XLR kwenye kitako chake; ni kebo iliyokuja nayo ndiyo inayoishia kwenye jeki ndogo ya milimita 3.5, na kupitia jeki hiyo hupata umeme kidogo kuliko inaohitaji. Ikiunganishwa kwa kebo ya XLR pande zote mbili kwenye kadi inayotoa volti 48, sauti yake huimarika kwa kiasi kinachosikika na sikio lisilo na mafunzo. Anayepanga bajeti anaweza basi kununua kadi na kebo tu, maikrofoni ikasubiri.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Boksi la kadi ya sauti hujigamba kwa namba mbili. Ya kwanza ni idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde moja: kilohezi 44.1, 48, 96 au 192. Ya pili ni usahihi wa kila kipimo: biti 16 au 24. Muuzaji atasema kwamba kubwa ndiyo bora, na bei itafuata.

CD, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa kipimo cha usikivu mzuri duniani kote, hutumia kilohezi 44.1 na biti 16. Kwa wimbo utakaosikilizwa kwenye simu, kilohezi 44.1 au 48 zinatosha kabisa. Kilohezi 192 hazimfanyi mwimbaji aimbe vizuri zaidi. Hujaza diski tu. Dakika moja ya sauti ya chaneli moja kwa biti 24 na kilohezi 44.1 ni takriban megabaiti 8. Kwa kilohezi 192 ni karibu megabaiti 35. Wimbo wenye sauti 12 za dakika 4 kila moja utachukua chini ya megabaiti 400 kwa kipimo cha kwanza, na zaidi ya gigabaiti 1.6 kwa cha pili. Atakayetaka kumtumia mwenzake aliye Nairobi au Bukavu mradi huo kwa bando la simu atajua tofauti hiyo haraka.

Biti 24 ni suala jingine, nazo zina faida ya kweli. Humruhusu prodyuza kurekodi kwa sauti ya chini, akiacha nafasi kwa mwimbaji anayepandisha ghafla, bila kelele kujitokeza anapoikuza baadaye. Kwa biti 16 kazi hiyo yahitaji uangalifu zaidi, lakini inawezekana.

Sauti inayochelewa

Malalamiko ya kawaida ya wanaoanza ni kwamba mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya biti. Hilo hutokana na safari ya sauti: huingia kwenye kadi, hukusanywa katika mafungu, hupita kwenye programu, kisha hurudi. Fungu la sampuli 256 kwa kilohezi 44.1 huchukua milisekunde 5.8, la sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23, na hiyo ni njia ya kwenda tu. Kwa ulinganisho, milisekunde 10 ni muda ambao sauti hutumia kusafiri mita 3 na nusu hewani. Mpiga gitaa aliyesimama mita 3 kutoka spika yake hasumbuki. Akiwa mita 15, atapoteza mapigo.

Kompyuta kuukuu haiwezi kufanya kazi kwa mafungu madogo bila sauti kukatikakatika. Jibu lisilo na gharama ni kitufe kinachopatikana kwenye kadi nyingi za kisasa, chenye maandishi ya "Direct", kinachompa mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kwa mwenye kompyuta ya miaka 10, kitufe hicho kina thamani kuliko kilohezi zote zilizotajwa hapo juu.

Draiva nayo ina sehemu yake. Kwenye Windows, programu za muziki hufanya kazi vizuri zaidi na draiva za aina ya ASIO. Kampuni nyingi hutoa ya kwao bila malipo, na kwa kadi zisizo nayo ipo ASIO4ALL, ambayo pia ni ya bure. Anayetumia Windows 7 asinunue kadi mpya kabla hajahakikisha kwamba mtengenezaji bado anaihudumia. Matoleo mengi ya karibuni yanataka Windows 10 au zaidi. Kadi sahili zinazofuata kanuni ya kwanza ya sauti ya USB hutambuliwa hata na mifumo ya zamani bila kupakua chochote, na katika mahali ambapo megabaiti hununuliwa moja moja, hiyo si sifa ndogo.

Umeme

Januari 2022, kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, kusini mwa Malawi, na nchi ikapoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake wa kuzalisha umeme. Kukatika kwa umeme kulikuwepo kabla ya hapo na kumeendelea kuwepo. Kadi inayotegemea adapta yake ya ukutani huzimika umeme unapokwenda, hata kama betri ya kompyuta imejaa. Inayotumia umeme wa USB huendelea.

Kwa hiyo kadi ya USB pekee ndiyo yenye maana hapa, na sharti hilo huondoa sehemu kubwa ya kadi zenye matundu manne au zaidi. Behringer UMC404HD, kwa mfano, ina adapta yake, ilhali ndugu yake mdogo UMC202HD huwaka kwa USB.

Walio Marekani wanaotaka kutuma mikisa au kadi yenye adapta wana tahadhari moja zaidi. Umeme wa Malawi ni volti 230. Adapta iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee itaungua mara ya kwanza kuchomekwa, na kubadili umbo la plagi hakubadili volti. Maandishi madogo mgongoni mwa adapta husema yote: yakisomeka 100–240, ni salama.

Kuna pia ule mvumo mnene unaosikika kompyuta inapochajiwa na kunyamaza chaja inapochomolewa. Wengi huilaumu kadi na kununua nyingine. Kosa mara nyingi ni la chaja au la nyaya za nyumba, na tiba yake ni kurekodi kwa betri. Ikiwa betri ya kompyuta haidumu hata nusu saa, huenda fedha za kadi ghali zilifaa kugawanywa, sehemu moja iende kwenye betri mpya.

Majina ya kutafuta

Miongoni mwa kadi mpya za bei ya chini, Behringer UM2 na M-Audio M-Track Solo huuzwa nje ya Malawi kwa bei inayokaribia dola 50. Zote mbili zina tundu moja la XLR lenye volti 48 na tundu la gitaa, na hurekodi kwa biti 16 na kilohezi 48. Bodi zake ni za plastiki na vikuza sauti vyake si vya ajabu, lakini kwa sauti moja iliyo karibu na maikrofoni hufanya kazi ya heshima. Hatua moja juu kuna UMC202HD yenye matundu mawili ya maikrofoni na biti 24, ambayo bei yake huzunguka dola 100 au pungufu.

Focusrite Scarlett Solo na Scarlett 2i2, za kampuni ya Uingereza, ndizo zenye rangi nyekundu zinazoonekana katika picha nyingi za studio za nyumbani. Solo mpya hugharimu kati ya dola 120 na 150. Ni kadi nzuri. Kelele yake ni ndogo na draiva zake ni imara. Lakini msanii mwenye dola 150 kwa jumla ambaye anaimaliza yote kwenye Scarlett atajikuta na kadi nzuri isiyo na kitu cha kuchomeka. Kwa fedha hizohizo, UM2, maikrofoni ya dainamiki ya wastani, kebo ya XLR na hedifoni zilizofunika masikio zitatoa wimbo uliokamilika. Scarlett iliyotumika ni jambo jingine, mradi ijaribiwe.

Kuhusu maikrofoni, katika nyumba ya matofali yenye paa la bati lisilo na dari, dainamiki hushinda kondensa karibu kila mara. Kondensa husikia kila kitu: jogoo wa jirani, pikipiki, watoto wanaocheza nyuma ya nyumba. Dainamiki husikia kilicho mbele ya mdomo wake.

Tundu moja au mawili

Msanii wa rap anayejirekodi peke yake hahitaji zaidi ya tundu moja. Biti yake imetengenezwa ndani ya kompyuta, na sauti zake, hata zikiwa 20, huingia moja baada ya nyingine. Kulipia tundu la pili ni kulipia nafasi itakayokaa na vumbi.

Kwaya ni habari tofauti, na Dzaleka ina kwaya nyingi. Kwaya ya watu 15 inaweza kurekodiwa kwa maikrofoni moja ikiwa itapangwa kwa nusu duara, sauti nzito zikiwa nyuma na mwongozaji akiwa hatua moja mbele. Ubaya ni kwamba uwiano huo hauwezi kubadilishwa baadaye. Kama soprano wamewafunika wengine, wamefunika daima. Matundu mawili humpa mwongozaji maikrofoni yake, na prodyuza anaweza kumpandisha au kumshusha peke yake. Njia nyingine, ambayo haina gharama ila muda, ni kurekodi soprano na alto kwanza, kisha teno na besi juu yao, kila kundi likisikiliza lililotangulia kupitia hedifoni ya mwongozaji wao.

Ngoma za Burundi hutaka hesabu nyingine kabisa. Sauti yake ni kubwa kiasi kwamba maikrofoni iliyowekwa karibu hupeleka umeme mwingi kuliko kadi ndogo inavyoweza kupokea, na sauti hupasuka hata geini ikiwa sifuri. Ni vema maikrofoni isogezwe mita kadhaa, nje, mbali na ukuta, na geini ianzie chini kabisa wakati wapigaji wanapiga kwa nguvu zao zote, si wakati wanapojinyosha mikono. Kosa la kupima sauti wakati wa mazoezi ya polepole ndilo limeharibu rekodi nyingi za ngoma.

Mbele ya muuzaji

Katika soko la vitu vilivyotumika, neno "inafanya kazi" lina maana kwamba taa inawaka. Anayekwenda Tsoka aende na kompyuta yake mwenyewe yenye betri iliyojaa, programu na draiva zikiwa zimepakuliwa tayari, pamoja na maikrofoni, kebo na hedifoni anazozifahamu. Reaper ni programu inayofaa kwa jaribio hilo: faili yake ni ndogo, na hutolewa kwa majaribio ya siku 60 bila kufungiwa chochote. Audacity ni ya bure kabisa.

Kwanza aichomeke na kuitikisa polepole kebo ya USB pale inapoingia kwenye kadi. Ikizima na kuwaka, tundu limelegea, na huo ni ugonjwa wa kawaida wa kadi zilizotumika. Kisha azungushe kila kinobu akisikiliza kwenye hedifoni. Mkwaruzo kidogo ni vumbi na husafishika, lakini sauti inayopotea upande mmoja ni uharibifu. Arekodi sekunde 30 za ukimya, geini ikiwa katikati, ingawa soko halinyamazi. Anachotafuta ni mlio wa mfululizo ulio ndani ya kifaa, wala si sauti za watu. Kitufe cha volti 48 kijaribiwe kwa maikrofoni ya kondensa, maana dainamiki hufanya kazi hata kitufe hicho kikiwa kimekufa, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika nyumbani. Kama kuna matundu mawili, yote mawili yajaribiwe.

Muuzaji anayekataa majaribio ya dakika 10 amekwisha kutoa jibu.

Namba ya utambulisho, inayobandikwa chini ya kadi, itazamwe pia. Iliyokwanguliwa ni dalili ya kifaa cha wizi, na kwa mkimbizi aliye nje ya kambi, kukutwa na mali ya wizi ni balaa linalozidi hasara ya fedha. Risiti, hata iliyoandikwa kwa mkono, yenye namba ya simu ya muuzaji, isiachwe nyuma.

Maikrofoni za Shure SM58 zinazouzwa sokoni zitazamwe kwa jicho la pili. Kampuni hiyo imekuwa ikionya juu ya nakala bandia zilizoenea duniani kote. SM58 halisi ina uzito wa karibu gramu 300 na mpya hugharimu takriban dola 100. Inayouzwa kwa dola 15 ndani ya boksi jipya si halisi. Hilo halimaanishi kwamba haifai. Kama inasikika vizuri katika jaribio, inunuliwe, lakini kwa bei ya bandia.

Kwa aliye ng'ambo

Ndugu anayetaka kutuma kifaa aulize kwanza mambo matatu: kompyuta ina Windows toleo gani, matundu yake ya USB ni yale mapana ya zamani au madogo ya duaradufu, na maikrofoni iliyopo ina kitako cha aina gani. Picha tatu za simu zinatosha kujibu. Ndani ya kifurushi iwekwe kebo ya XLR na flashi yenye draiva pamoja na kitabu cha maelekezo, ili mpokeaji asitumie bando la wiki nzima kupakua. Ikiwa kadi ni ya mkono wa pili, programu zilizokuja nayo bure huenda zimekwisha kusajiliwa na mmiliki wa kwanza, kwa hiyo zisihesabiwe katika bei.

Ushuru wa forodha hukadiriwa na Mamlaka ya Mapato ya Malawi, MRA, na ni vema mpokeaji aulize kabla kifurushi hakijaondoka. Usafirishaji wa kadi ya dola 50 unaweza kugharimu kama kadi yenyewe. Hapo ndipo kutuma fedha kwa Airtel Money au TNM Mpamba, na kumwachia prodyuza safari ya Lilongwe, kunapoweza kuwa na nafuu zaidi, mradi awe na kibali chake na kompyuta yake begani.

Mvua za Malawi huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na hakuna kadi, ya dola 50 wala ya 500, inayoweza kuitenganisha sauti ya mwimbaji na kishindo cha mvua juu ya bati. Kwa kuwa katika miezi hiyo mvua hupenda kunyesha alasiri, ratiba ya studio ni bora ipangwe hivyo: sauti zirekodiwe asubuhi, na mchana uachiwe kupanga biti kwa hedifoni.